Magoti ya Mzee Otukei

Daktari wa viungo alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba hivi, jina lake Cindy, mwenye wembamba wa watu wanaokimbia asubuhi kwa kupenda. Aliweka kiti cha mbao katikati ya chumba, akamwambia Otukei aketi, anyooshe mguu wa kushoto mbele, kisha asimame kwa mguu wa kulia peke yake bila kushika kitu.

Otukei alicheka. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na ishirini na minane kati ya hiyo ilikuwa imepita juu ya baiskeli, akibeba watu na mizigo kutoka mpakani Busia hadi vijiji vya upande wa Alupe. Mapaja yake yalikuwa yameijaza suruali. Alivuta pumzi, akasukuma. Makalio yaliinuka kidogo, yakarudi kitini kwa kishindo. Akajaribu tena. Mara ya tatu goti lilipinda kwa ndani, likatetemeka, na maumivu yakamchoma chini ya pia ya goti hadi akashika meza.

"Hiki kiti chako ni kifupi," alisema.

"Kiti ni sawa, mzee. Mguu ndio hauna nguvu."

"Huu mguu? Huu mguu umebeba nusu ya Busia!"

"Umebeba ukizunguka tu. Miaka yote duara moja. Misuli ya mbele ya paja inafanya kazi yote, ya nyonga na ya nyuma imelala, halafu goti ndilo linaumia."

Otukei aliiachia meza, akasimama. Angeweza kuvumilia kuambiwa ni mzee, hata kuambiwa ni mgonjwa. Lakini kuambiwa na msichana kwamba miguu yake ni dhaifu, yeye ambaye hakuwa na kitu kingine cha kujivunia duniani, kulimkaa kooni kama mfupa wa samaki.

Cindy alitoka naye nje kuiangalia baiskeli. Alipoiona tu akatikisa kichwa. Kiti kilikuwa kimeshushwa mpaka mwisho, na Otukei akipanda magoti yalikuja karibu na kifua.

"Nani alikushushia kiti hivi?"

"Sisi wote tunaweka hivi. Ukisimama katikati ya malori na una abiria nyuma, lazima miguu yote miwili ifike chini. La sivyo mnaanguka."

"Na ndiyo maana nyinyi wote mnalia magoti."

Akamweleza pole pole, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mara nyingi na kupuuzwa mara nyingi. Kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unapaswa kukaribia kunyooka. Lakini asikipandishe kiti kwa siku moja. Apandishe upana wa kidole kimoja kila wiki, mwili uzoee. Nyumbani afanye mazoezi mara tatu kwa wiki: kuketi na kusimama pole pole, kushuka kwenye kizingiti cha mlango kwa mguu mmoja, kuinua visigino. Seti tatu za mara nane. Siku inayofuata apumzike, kwa sababu misuli hujengeka wakati wa kupumzika.

"Itachukua muda gani?"

"Wiki nane, ukifuata vizuri."

"Mimi nina nne."

Wiki nne alikuwa amepewa na Echodu, mume wa dada yake, mwenye ghala la mahindi pembeni mwa mji. Echodu alitaka mtu wa kukaa getini, kufungua na kufunga, kuandika namba za magari. Alikuwa amempa Otukei nafasi hiyo kwa wema, na wema huo ndio uliomkera. Mke wake, Nabwire, alitaka aichukue hata jana. Otukei alikuwa amewaona walinzi wa maghala: wanaume waliokuwa wakitembea, sasa wameketi, miguu imevimba, wakiangalia barabara ambayo wengine wanapita. Alijiwekea ahadi kwamba goti likipona kabla ya mwisho wa mwezi, angebaki na baiskeli. Lisipopona, angeenda kuketi.

Kwa hiyo alifanya hesabu yake mwenyewe. Wiki nane ndani ya wiki nne maana yake ni mara mbili ya kila kitu. Jioni hiyo hiyo alichukua spana akapandisha kiti vidole vinne. Alfajiri alichuchumaa na kusimama mara hamsini mbele ya jiko, Nabwire akimtazama na mwiko mkononi.

"Baba Trizah, unaomba mvua?"

"Ni mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Si unatoka hapa kwenda kuendesha baiskeli mpaka jua litue?"

Alifanya hivyo kila siku. Na kusema kweli, asubuhi ya kwanza ilimpa furaha. Kwenye barabara ya lami, akiwa peke yake na kiti kiko juu, miguu ilifunguka kama mlango uliokuwa umekwama. Baiskeli ilienda yenyewe. Alipita mashamba ya mihogo na wanafunzi wa chuo waliokuwa wakikimbia pembeni ya barabara, akajisikia kijana tena, akakasirika kwamba kwa miaka ishirini na minane hakuna aliyemwambia jambo dogo kama hilo.

Mpakani mambo yalikuwa mengine. Wenzake wa steji, waendesha baiskeli Oundo na Elly, walimwona kwa mbali.

"Oyaa! Boss amenunua ngamia!"

"Mzee, ukiwa huko juu unaona Kampala?"

Abiria wake wa kwanza alikuwa Quinter, mama mwenye mwili mkubwa aliyeuza nyanya, na siku hiyo alikuwa amepakata kreti iliyojaa. Walienda vizuri hadi kwenye foleni ya malori. Trela moja likasimama ghafla mbele yao. Otukei akafunga breki, akanyoosha mguu wa kulia kutafuta ardhi. Ardhi haikuwepo. Ilikuwa chini zaidi kuliko mguu wake ulivyoizoea maisha yote. Baiskeli ikaegemea, goti lilelile likapokea uzito wa watu wawili, likakunjika, na wote wakalala barabarani kati ya nyanya.

"Wewe mzee una wazimu!" Quinter alipiga kelele, akiokota nyanya chini ya magurudumu ya trela. "Mtu mzima anaweka kiti juu kama mtoto wa shule! Ulikuwa unashindana na nani?"

Oundo alikuja kumwinua. Hakucheka tena, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko.

Wiki iliyofuata hakuna abiria wa kawaida aliyepanda baiskeli yake. Alishusha kiti mpaka mwisho, lakini mazoezi hakuyaacha. Aliyaongeza hadi mia, kwa hasira, kama mtu anayempiga punda aliyechoka. Goti likavimba, likawa la mviringo na la moto, na asubuhi moja hakuweza kushuka kitandani bila kulishika kwa mikono miwili.

Alirudi kwa Cindy, naye akalibonyeza lile goti.

"Nilisema mara ngapi kwa wiki?"

"Tatu."

"Umefanya ngapi?"

"Saba."

"Na kiti?"

Otukei akaangalia dirishani. "Vidole vinne."

"Mzee Otukei! Huu si mzigo unaousukuma mara moja ufike. Mtu anayetaka kukimbia kilomita ishirini hakimbii ishirini siku ya kwanza. Anakimbia mbili, anapumzika, anakimbia tatu. Kwanza mguu mmoja uweze kubeba mwili wako. Halafu kiti kipande. Ukifika kwenye foleni unateleza mbele, unashuka kwenye kiti kabisa, unasimama kwa huo mguu na abiria yuko nyuma. Lakini mguu lazima uwe tayari. Wewe umeanzia mwisho."

"Ungeniambia hivyo mapema."

"Nilikuambia uende pole pole. Ulikuwa unahesabu wiki."

Alimpa siku kumi za kutopanda baiskeli kabisa. Baada ya hapo, aanze upya.

Alikaa nyumbani siku saba. Zilikuwa siku za kumtia mtu wazimu. Alikuwa na muda wa kuona kwamba msichana alisema kweli, na kwamba ukweli huo haukumsaidia. Wiki zake nne zilikuwa zimeisha. Siku ya nane alipanda baiskeli akaenda kwa Echodu.

Echodu alikuwa getini mwenyewe, ameketi kwenye kiti cha plastiki cha mlinzi, kana kwamba anakipasha moto kwa ajili yake.

"Papa, yoga!" alimsalimia kwa Kiteso. "Umekuja kuanza?"

"Nimekuja kukuambia hapana."

"Goti limepona?"

"Halijapona. Limezidi."

Echodu alimtazama kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. "Sasa?"

"Nilijiahidi lisipopona nitakuja kuketi, lakini kuketi siwezi. Nilikosea mazoezi. Naanza tena."

"Unaanza tena na miaka hamsini na mmoja! Otukei, mimi siwezi kuweka geti wazi miezi miwili kwa sababu unajifunza kuchuchumaa."

"Sijakuomba uliweke."

Echodu akatoa simu, akampigia Amollo wa Matayos, akamwambia aje aanze kazi kesho saa moja asubuhi. Yote yalichukua muda wa kufunga kamba za viatu. Otukei alisimama pale, mkono kwenye usukani, akingoja kuulizwa mara ya pili. Kama Echodu angeuliza, huenda angekubali. Alilijua hilo na likamchukiza. Echodu hakuuliza. Alirudisha simu mfukoni, akauliza habari za Nabwire.

Otukei akapanda. Mkandamizo wa kwanza wa pedali ulimpelekea maumivu hadi nyongani. Wa pili vilevile. Alikanyaga huku mgongo ameunyoosha, uso umetulia, hadi kwenye kona ambapo ukuta wa ghala ulimkinga na macho ya shemeji yake. Hapo akashuka, akaanza kuisukuma baiskeli kwa miguu kuelekea nyumbani, upande wa Alupe.