Mchanga Nilioutupa Migombani

Mwaka jana barabara ya Ntobeye ilipanuliwa ili malori ya chakula cha wakimbizi yapite vizuri, na tingatinga likakata kilima kama mkate. Katikati ya mwamba ukatokeza mstari mweupe, unene wa kiganja. Wiki ileile akaja mama mmoja, mtaalamu wa miamba, akatuambia darasani kuwa lile ni jivu la volkano. Ngara kwetu, volkano! Tulicheka mpaka mwalimu wa jiografia akagonga meza.

Mama hakujali. Alisema ndani ya jivu mna chembe ngumu, zirkoni, na ndani ya zirkoni mna urani inayogeuka kuwa madini ya risasi polepole, kwa mwendo unaojulikana. Ukipima vyote viwili, unajua jivu lilianguka lini. Lori lake la Biharamulo lingeondoka saa tisa. Bila zile chembe safari yake ilikuwa bure.

"Nani anajua kuosha ulezi?"

"Mimi, mama! Kwetu hajawahi kuvunjika mtu jino kwa changarawe."

"Huyo ana domo tu," mwalimu akasema.

Nikapewa beseni la jiwe lile, limeshatwangwa. Nikaosha kama bibi alivyonifundisha: tikisa, mimina taratibu, tikisa tena. Chepesi chote nikakikinga kwenye ndoo, laini kama unga. Uchafu mzito wa chini nikaurusha migombani, nikapeleka ndoo kwa madaha.

Mama akachungulia. "Binti, kilichobaki chini kiko wapi?"

"Nimetupa, mama. Mchanga tu ule."

Akakaa chini, pwaa. Zirkoni ni nzito. Mchanga tu ule ndio uliomleta.

"Tukauzoe?" nikauliza kwa sauti ya mbu.

"Umeshachanganyika na udongo wa shamba. Chembe za huko zitanidanganya umri."

Ilikuwa saa sita. Nikatimua mbio barabarani, darasa zima nyuma yangu likinizomea, tukarudi na mawe kwenye sketi na mashati. Tulitwanga kwa zamu kwenye kinu cha chuma, tukiimba wimbo wa kupura mtama tuliouchomekea jina la mwalimu. Safari hii nilimwaga chepesi, uchafu nikaulinda kama yai.

Saa nane na nusu mama akanipa lenzi. Chembe chache, zenye ncha, zinametameta. Umri wake utajulikana maabara, akasema, ila hapakuwa na mtu duniani zilipoanguka.

Nikaziinamia. "Shikamooni."

"Marahaba," mwalimu akaitikia nyuma yangu, kifua mbele.

Mama alicheka nusura amwage kichupa cha chembe. Akakifunga, akakitia kifuani, akapanda lori.