Kisanduku cha Fundi Seremala

Pale zahanati kila mtu anamwita Bi Visanduku. Miaka kumi na mmoja amebeba mafaili ya mapokezi, na kila mapumziko ya mchana, wenzake wakipiga soga, yeye alikuwa akijifundisha kutengeneza kurasa za tovuti. Mwalimu hakuwa naye. Ubishi alikuwa nao, tena wa kutosha.

Fomu ya wagonjwa kwenye kompyuta aliitengeneza yeye. Ilikuwa na swali: kuna dawa inayokudhuru? Ukijibu ndiyo, unaandika jina la dawa kwenye kisanduku cha chini. Basi hata waliojibu hapana waliandika. Bwana mmoja akaandika, "Mke wangu."

Bi Visanduku alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaweka sharti: ukijibu hapana, kisanduku kinafifia na kujifunga, ugonge usigonge. Kikafanya kazi vizuri ajabu. Akanogewa, akafunga na visanduku vya wagonjwa wa zamani, vile ambavyo kompyuta huvijaza yenyewe, ili mtu asivichezee.

Hapo ndipo alipoharibu.

Asubuhi moja matroni akamjia na karatasi mkononi, uso umekunjamana. "Bibi wee! Huyu mzee seremala penisilini nusura imuue mwaka juzi. Mbona karatasi iliyochapwa kwa daktari haina kitu?"

"Kwenye kioo cha kompyuta ipo, matroni. Njoo uone."

"Daktari anasoma kioo chako? Nimemdaka na sindano mkononi! Ikifika saa sita fomu hii bado iko hivi, tunarudi kwenye daftari, na wewe unarudi kwenye mafaili."

"Msigombane, wanangu," akasema seremala kutoka kwenye benchi. "Maiti mwenyewe bado anapumua."

Bi Visanduku akakaa. Akatuma fomu yenye kisanduku kilichofungwa, akatuma yenye kilicho wazi, akalinganisha. Mara ya tano akajipiga paja. Kumbe! Kisanduku kilichofungwa hakisafiri na wenzake. Kinaonekana kwenye kioo, lakini kwa daktari hakifiki. Kwa aliyejibu hapana, hewala. Kwa seremala, balaa. Chake kilitakiwa kiwe cha kusoma tu: hakibadiliki, lakini kinakwenda.

Akabadilisha neno moja kwenye maagizo ya fomu. Saa sita kasoro robo.

"Matroni, kaa hapa. Jaribu kuiharibu."

Matroni akafuta, akabonyeza, akazipiga herufi kama anatwanga. Penisilini imetulia tuli. Akatuma. Chumba cha pili printa ikakoroma, na daktari akapaza sauti: "Penisilini! Ipo, tena juu kabisa!"

Seremala akainuka, akapiga makofi peke yake, na benchi zima likamfuata, hata wasiojua kinachoshangiliwa.

"Watu wa kliniki ya watoto nao wanataka fomu," matroni akasema, akikwepa macho ya Bi Visanduku. "Utawaanzia lini?"

"Nimeshaanza, matroni. Hebu nipishe kiti." Akaketi, akanyoosha shingo. "Anayefuata!" akaita, na sauti ikafika hadi getini.