Lori Lenye Pembe

Sisi wa zamani hatukuwa na simu, tulikuwa na macho. Tukiwa wadogo, huko nje ya Lodwar, kila mtoto alijua ng'ombe wa kwao kwa rangi, kwa pembe, hata kwa kikohozi. Baba alikuwa na maksai wake wa kuimbiwa, mweusi mwenye tumbo jeupe, na watu walimwita baba kwa jina la huyo maksai. Tulikunywa maziwa yenye harufu ya moshi, mchanga unatuchoma nyayo, na hakuna aliyedeka. Lakini ng'ombe wa wageni hukuwakodolea macho. Mama angekuuliza, "Wezi wa mifugo ndio wamekutuma?" Halafu fimbo.

Sasa huyu mjukuu wangu Akiru. Mwaka wa 2012 tulitoka Lodwar kwenda Kakuma kumwona mama yake, aliyekuwa akiuza samaki wakavu huko. Njia nzima msichana anapiga picha: pikipiki, mitungi ya maji, mkokoteni, hata tairi lililopasuka. Mbuzi wa jirani hawajui, tairi analiwekea kumbukumbu. Na simu ni ya mama yake, alimwachia tu alipokwenda Kakuma.

Kakuma, pale malori ya kwenda Lokichoggio yanaposimama, dereva mmoja Mturkana akamwona akilipiga picha lori lake, akamnyang'anya hiyo simu. Barabara ile ilikuwa na majambazi. Akamuuliza ni nani amemtuma kulikagua, akasema simu inaenda polisi. Akiru akaanza kulia. Mimi nilimwelewa yule mwanaume kabisa. Mama yangu angeuliza vilevile.

Nikamsalimu, ejok, kisha nikalizunguka lori nikaanza kuliimba kama tulivyoimba maksai: jekundu, kifua kipana, linavuka mto mkavu likinguruma. Makuli wakaacha magunia, wakapiga makofi.

"Nyanya, unaimbia lori?" dereva akauliza.

"Ni lako. Kama ni baya, ninyamaze."

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. Akarudisha simu, akasimama mbele ya lori, akainua mikono juu, ameikunja kama pembe, vile wanaume wetu hucheza.

"Nipige hivi," akamwambia Akiru. "Pembe zionekane."

Picha hiyo iko ukutani kwangu. Ni nzuri, sikatai. Lakini enzi zetu hata mtoto wa kubebwa mgongoni angejua ile mikono inasema nini. Hawa vijana wa leo wanaingia, wanaitazama, wananiuliza kwa huruma: huyu mzee alikamatwa kwa kosa gani?