Shangazi Anataja Kesi

Mimi ndiye msomi wa ukoo wetu. Nilimaliza shule ya jioni nikiwa na ndevu, na cheti changu kinaning'inia ukutani juu ya picha ya harusi. Kwa hiyo binamu yangu alipogongwa na gari akiendesha baiskeli pale Ahero, akafa, mimi ndiye niliyetumwa kortini Kisumu pamoja na mamake, shangazi yangu, nimfafanulie mambo makubwa.

Dereva alikuwa kijana wa Milimani, mtaa wa matajiri, na gari lenyewe kubwa kama zahanati. Alipewa dhamana. Chai ya matanga haijapoa, yeye yuko angani ndani ya ndege anaulizwa kuku au samaki. Babake akaapa hajui alikoenda. Mwendesha mashtaka akatuambia kwamba bila kujua aliko, hati ya kumkamata haina pa kwenda. Kesi ikawa ya kutajwa tu.

"Kutajwa ndiyo nini?" Shangazi akaniuliza tukishuka ngazi.

Nikakohoa kisomi. "Kesi haisikizwi, Shangazi. Karani anasoma jina la mshtakiwa, hayupo, tunaenda nyumbani."

"Yawa! Natoka Ahero na haya magoti, kusikia mtu akisoma jina? Si hata mimi naweza!"

Nilidhani ni hasira. Kumbe ni mpango.

Jumatatu iliyofuata aliniburuta hadi Milimani, langoni kwa babake kijana. Akajifunga leso vizuri, akataja. Majina yote matatu ya kijana, kama yalivyo kwenye mashtaka. Shangazi huuza mchele. Akiita wateja Ahero, wavuvi wa Uganda hugeuka. Mbwa wa Milimani walinyamaza. Mapazia ya mtaa mzima yakafunguka.

Soja wa lango akatoka mbio. "Mama, tafadhali, hapa ni kwa mtu mkubwa."

"Ndiyo maana nataja kwa sauti kubwa."

"Kwani unataka nini?"

"Nataka arudi asimame kortini, anijibu. Kabla hajarudi, nataja kesi. Msomi, mweleze."

"Inatajwa," nikasema, nikiwa nyuma ya Shangazi, maana cheti hakizuii meno ya mbwa.

Tukawa wa kila Jumatatu. Watoto wa jirani walilikariri lile jina, wakawa wanalitaja wakiruka kamba.

Halafu siku moja mlango mdogo wa lango ukafunguka, akatoka mama wa kijana, miguuni malapa. Nikajiandaa kukimbia.

"Wangu umemtaja mpaka hatulali," akasema. "Wako aliitwa nani?"

Kortini binamu yangu alikuwa "marehemu" tu. Shangazi akalitaja jina lake, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Yule mama akalirudia, akalikosea. Shangazi akamsahihisha. Akalirudia tena mpaka likakaa sawa.

Kisha yule mama akatazama nyuma, akachukua kalamu ya soja, akashika mkono wangu wa kulia na kuandika kiganjani: nchi, mji, mtaa, nambari ya nyumba.

"Sijasema kitu," akasema, akafunga mlango.

Tulifika kwa mwendesha mashtaka wakati wa chakula cha mchana, hayupo. Shangazi akanikataza kunawa. Tukaenda kumngoja kwenye vibanda vya samaki kando ya ziwa, nikawa namega ugali kwa mkono wa kushoto, mama wa kibanda akinikodolea macho.

"Baba, hukufunzwa adabu kwenu?"

"Mwache," Shangazi akamwambia, akinitolea miiba. "Huo mwingine umebeba kesi."