Kadi ya Mwanamke wa Sallisaw

Verlene Puckett alipokea simu za maombi kwa Ndugu Lamar Gossett, mhubiri wa runinga, miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakumshuku hata siku moja, mpaka lilipotokea lile jambo la sikio.

Simu ilitoka mji wa Texarkana. Mama mmoja alisema sikio lake la kushoto limeziba tangu Krismasi. Verlene, ambaye asubuhi ile alikuwa ameunguza kidole kwa mafuta ya kikaango, akaandika kwenye kadi "sikio la kulia". Saa nne na nusu Dada Twila, msimamizi wa simu, akapita kukusanya kadi zote kama kawaida, ziende zikawekwe kwenye kikapu cha madhabahuni. Saa tano kipindi kikaanza kwenye runinga, moja kwa moja, na haikupita nusu saa Ndugu Lamar akafumba macho, akainua mkono, akasema Bwana anamwonyesha mama wa Texarkana ambaye sikio lake la kulia linazibuka sasa hivi.

La kulia. Verlene akaganda na simu mkononi. Mtu kukosea kuandika ni ubinadamu. Lakini Mungu naye akosee kwa kufuata kalamu ya Verlene? Machale yakamcheza.

Na mtu asidhani alikuwa mwanamke wa kushukushuku hovyo. Alimjua Lamar tangu enzi za mikutano ya injili ya hema. Lamar alizaliwa na wachuma pamba wa kule tambarare za mtoni, kijana mwenye kifua kibovu, akitema damu kwenye ndoo. Akiwa na miaka kumi na sita walimbeba kwa machela hadi kwenye mkutano wa mhubiri mpita njia, akatoka anatembea na anaimba, na tangu siku ile hakunyamaza. Alihubiri juu ya magari ya pamba, akahubiri kwenye maghala ya mbegu, na mwaka 1971 akapewa nusu saa ya runinga hapo Fort Smith, nafasi iliyokuwa ya mieleka. Sasa, mwaka 1984, alionekana katika majimbo matatu ya Marekani kila siku ya kazi. Alipiga vita sinema, karata, dansi na wanawake wa suruali. Wanaume wenye nywele ndefu aliwapiga vita pia, ingawa zake mwenyewe zilipuliziwa dawa hata kimbunga kisingezitikisa.

Lakini huyohuyo Lamar, mama yake Verlene alipokuwa anakata roho, alikaa naye siku mbili. Alikunja mikono ya shati akamlisha uji kwa kijiko, na hapakuwa na kamera hata moja. Hilo ndilo lililomuuma Verlene. Angekuwa tapeli mtupu, ingekuwa rahisi kumchukia.

Basi akaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Kwa wiki tatu alisikiliza, na aliyoyasikia hakuyapenda. Kadi zenye maelezo marefu zilitajwa hewani. Zile za "naumwa mgongo" hazikutajwa. Akaona pia kwamba Twila akishakusanya, kadi nne au tano hazifiki kikapuni, zinaingia kwenye Biblia ya Ndugu Lamar. Alipomuuliza kwa utani, Twila hakutabasamu.

"Hizo mtumishi anaziombea za pekee," alisema. "Na wewe, dada, shetani akianza kukuhesabia kadi, mkemee."

Verlene alimkemea. Shetani akaondoka, hesabu zikabaki.

Angeweza kuliacha jambo hilo lilale, kama si mumewe. Hoyt Puckett, mstaafu wa reli, alikuwa na mlango wa moyo usiofunga sawasawa. Daktari alikuwa amempangia upasuaji Alhamisi, saa mbili asubuhi, na alisema wazi kwamba bila huo asihesabu kuiona Krismasi. Hawakumwambia mtu yeyote. Katika kanisa lao kuukiri ugonjwa kwa ulimi ni kuukaribisha kiti, na Hoyt akiulizwa hali alijibu "nimepona kwa jina la Yesu" huku ameshika uzio asianguke. Mficha uchi hazai, lakini nenda ukawaambie hivyo watu wa kanisa lile.

Hoyt alikubali upasuaji kwa sharti moja. Bwana akisema neno kabla ya Alhamisi, yeye hapasuliwi.

"Aseme kupitia kwa Lamar?" Verlene aliuliza.

"Kupitia kwa nani tena?"

Kila siku saa tano Hoyt alikaa mbele ya runinga na bilauri ya chai baridi, akimtazama Lamar mdomoni. Verlene akaona lazima ajue, na ajue kabla ya Alhamisi. Mdomo ule ukiwa wa Mungu, atapiga magoti aombe msamaha. Ukiwa wa kadi, atamwambia Hoyt, na Hoyt ataingia hospitali kwa moyo mmoja, bila kugeuka nyuma kusubiri sauti.

Jumatatu akaandika kadi ya mtu asiyekuwepo. Lola Mae Dupree, miaka arobaini na minne, wa Sallisaw. Hapo akasita. Ugonjwa mdogo usingechaguliwa, ilibidi kadi iwe na uzito. Mwanamke ambaye hajazoea kudanganya huazima ukweli ulio karibu, na uliokuwa karibu na Verlene ulikuwa mmoja tu. Akaandika mlango wa moyo. Akaandika upasuaji, Alhamisi, saa mbili asubuhi. Aliona anachoandika, lakini akajifariji kwamba huyu ni mwanamke, huyu ni wa Sallisaw, ana jina lake. Twila akapita, akaisoma kadi, akaiweka juu ya zote.

Saa tano na robo Ndugu Lamar akafumba macho.

"Namwona mama," alisema taratibu, ile sauti yake ya chini iliyowafanya watu wasogeze viti. "Sallisaw. Ni moyo. Kuna mlango hapo ndani haufungi. Wamekupangia kisu Alhamisi, saa mbili. Mama, mshukuru daktari, mwambie abaki na kisu chake. Na kama si wewe mama, kama ni mwingine unayenisikia, pokea. Ni lako."

Verlene alilia. Hakulia kwa furaha ya kumkamata mtu. Alilia kwa sababu alikumbuka kile kijiko cha uji. Alikuwa bado anatafuta leso pale simu zilipoanza kulia, na hapo ndipo alipoelewa alichofanya. Kwa miaka kumi na mmoja yeye mwenyewe alikuwa akiwaambia watu hamsini kwa siku: neno likikufaa, lidake, jina si kitu. Watu tisa walikuwa wameshaudaka ule moyo wa Lola Mae Dupree. Watatu walikuwa wanaume, na mmoja tatizo lake lilikuwa nyongo.

Twila akaja anakimbia, mikono juu, machozi yanamtiririka. Akasema Hoyt yuko laini ya sita. Mumeo, dada, na hukutuambia kitu! Mtumishi anataka kuongea naye hewani sasa hivi.

Verlene akanyanyua laini ya sita. Alitaka amwahi Hoyt kabla hajaenda hewani, lakini alisikia ile pumzi nzito ya Hoyt, na juu yake sauti ya Lamar ikimkaribisha. Studio ilikuwa imeshaunganishwa. Akiongea, majimbo matatu yatasikia. Akasikia pumzi moja zaidi ya Hoyt, pumzi fupi yenye filimbi ndani yake.

"Ndugu Lamar, ni Verlene," alisema. "Ile kadi niliiandika mimi. Hakuna Lola Mae. Nimemtunga. Hoyt, unanisikia? Nimemtunga, mzee wangu. Hilo neno halikutoka kokote ila kwenye kalamu yangu."

Kwenye runinga ya ukutani alimwona Lamar akifumbua macho. Mkono wake uliifunga Biblia haraka, kama mtu aliyefunika chungu kabla mgeni hajachungulia. Basi, ni hapo tu. Sekunde mbili hazikufika, tabasamu likarudi mahali pake.

"Dada Verlene," alisema, na alisema kwa upendo, jambo ambalo Verlene hakuweza kulisamehe kwa miaka mingi, "Mungu alimtumia hata punda wa Balaamu. Atashindwaje kuitumia kalamu yako?"

Studio nzima ikasimama kwa shangwe. Lamar akauliza kama Ndugu Hoyt anaamini, na Hoyt, kwa sauti iliyokatika katikati, akasema anaamini.

Twila alimletea tu Verlene mkoba wake, na akakirudisha kiti chake chini ya meza.

Verlene alipofika nyumbani Hoyt hakuwa ndani. Alikuwa ameshuka ngazi tatu za barazani, akatembea mpaka kwenye sanduku la barua barabarani, amwonyeshe mkewe kwamba amepona. Sasa alikuwa amelikumbatia lile sanduku kwa mikono yote miwili, midomo imegeuka rangi ya zambarau, na hawezi kurudi.

"Usiseme," alimwambia.

"Sijasema."

Verlene akapitisha bega chini ya kwapa lake. Walikwenda hatua tatu, wakasimama, hatua tatu, wakasimama. Kwenye ngazi wakaketi, kwani kuzipanda kulikuwa safari nyingine. Verlene alimuuliza kama alisikia alichosema kwenye simu.

"Nilikusikia."

"Na umeniamini?"

Hoyt alitazama viatu vyake. "Nilikuamini palepale," akasema. "Lakini watu walikuwa wameshasimama, Verlene. Nimekiri mbele ya majimbo matatu. Nikionekana hospitali Alhamisi, nitakuwa nani?"

Hasira zilimpanda Verlene mpaka masikio yakavuma. Kumbe si imani. Ni aibu tu, aibu ileile iliyowafunga midomo mwaka mzima, yeye na mumewe, wakipeana moyo kwa uongo huku Hoyt ameshika uzio.

"Utakuwa hai," alisema. "Na hiyo habari ya punda, wewe si uliifundisha darasa la Jumapili? Nikumbushe. Yule punda alifanya nini?"

"Aliongea."

"Kabla ya kuongea."

Hoyt akafikiri. "Alikataa kwenda mbele. Balaamu akampiga mara tatu."

"Kwa nini alikataa?"

Hoyt alikuwa anaijua hadithi ile kuliko Lamar.

"Njiani alisimama malaika na upanga," alisema. "Balaamu alikuwa hamwoni. Punda alimwona."

"Basi nipige mara tatu ukitaka," Verlene akasema, "ila njia hiyo sikupeleki."

Hoyt alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, naye Verlene akamshika kifua mpaka kikatulia. Hakusema ndiyo. Alisema tu kwamba shati lake la bluu lina kifungo kilicholegea, na kama mtu anakwenda mahali Alhamisi, itabidi kishonwe.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi waliondoka kwa gari, Verlene akiendesha. Njia ya hospitali ilipita mbele ya kanisa, na kikundi cha wanawake wa maombi kilikuwa kimesimama kwenye ngazi, Twila akiwa katikati. Hoyt alipowaona alijishusha kitini mpaka kofia ikabaki usawa wa dirisha, akamwomba mkewe akanyage mafuta. Verlene akapunguza mwendo. Akateremsha kioo cha upande wake, akatoa mkono nje, akawapungia wote.

"Hoyt anaumwa," aliwaambia. "Tunakwenda kwa daktari. Mtuombee."