Kichwa cha Kobe

Juzi Jumapili nilimpeleka baba kwenye maonyesho ya matrekta ya kale, nikidhani namfurahisha. Ndugu yangu, nilirudi nyumbani na hasira, na mpaka leo haijapoa.

Miaka ya sabini baba alikuwa dereva wa trekta la kuzoa taka Eastlands, kuanzia mtaa wetu kando ya Jogoo Road hadi soko la Burma, ambako mifupa kutoka kwa wachoma nyama ilijaza tela nzima na mbwa wakaandamana nayo. Trekta lenyewe lilikuwa kuukuu hata wakati huo. Lilitambaa likikohoa, na sisi watoto tukaliita Kobe. Jumanne asubuhi tukisikia kikohozi hicho, akina mama walitoka mbio na madebe, huyu ana unga mikononi, yule bado amejifunga leso ya kulalia, wote wakiitana, "Kobe amefika!"

Shuleni niliitwa mtoto wa taka, nami nikalia. Jioni baba alioga kwa sabuni nyekundu mara mbili kabla ya kugusa githeri, na bado mikono yake ilinuka dizeli. Niliipenda harufu ile kuliko marashi, nasema bila haya.

Siku moja kirungu cha gia kilivunjika, na vipuri vya trekta la namna ile havikuwa vikipatikana tena. Jirani yetu mchongaji, mtu wa Ukambani kama baba, alichukua kipande cha mpingo akachonga kichwa cha kobe chenye macho mawili madogo, akakipachika kwenye gia. Baba alikishika zaidi ya miaka kumi, hadi macho yale yakafutwa na kiganja chake. Kiti nacho kilipochanika, mama alikitengeneza kwa mpira wa tairi kutoka soko la Kariokor. Alipochomwa na sindano alisema, "Shukrani ya punda ni mateke," nasi tukacheka.

Sasa huko kwenye maonyesho Kobe alisimama kwenye nyasi zilizofyekwa vizuri, amepakwa rangi nyekundu inayong'aa. Nilisita kuamini ni yeye, lakini baba aliitaja nambari ya injini yote kabla sijaisoma. Wakusanyaji wa matrekta walimzunguka Kobe wakinong'ona kwamba ya namna hiyo yamebaki machache mno nchini, na mmoja akapiga magoti kuchungulia injini. Sikatai, alipendeza. Lakini bango lililokuwa mbele yake lilidai kwamba maisha yake yote alilima ngano katika shamba kubwa. Taka hazikutajwa. Eastlands haikutajwa. Miaka yote ya baba hapo haikuwepo.

Baba alinyoosha mkono kukitafuta kichwa cha kobe, akakuta kirungu cheusi cha plastiki.

"Mzee, pole, hapo hapashikwi," akasema mwenye trekta.

"Kulikuwa na kobe hapa."

"Hiyo kitu ya mbao? Tulitupa, mzee. Haikuwa orijino. Saa hii kila kitu ni orijino."

Orijino! Niliwaka. Nilimwambia, watu wote wakigeuka, kwamba bila mbao ile na mpira ule trekta lake lingekuwa limeyeyushwa zamani likawa nondo. Nilimwambia baba yangu huyu aliyesimama hapa ndiye aliyelifikisha kwake likiwa zima, na nikamtaka aandike hivyo kwenye bango, aandike na taka.

"Aki mama, tuelewane," akasema, akitazama wageni wake. "Watu hawapendi stori ya taka."

Baba alinivuta mkono. Akamuuliza kwa upole, "Mlikitupa wapi?"

"Kwa taka tu, mzee."

Baba akacheka kidogo. "Basi kiko upande wetu. Taka zenu zote huletwa kwetu."

Tuliondoka bila kuaga. Siku hizi mtaani kwetu Jumanne ni siku tu kama nyingine. Mchongaji hayupo, mama hayupo, na lundo la taka kando ya njia limekaribia madirisha. Kila nikipita hapo hasira hunipanda upya, kisha naona aibu, maana najikuta nimesimama, mimi mtu mzima mwenye wajukuu, nikitafuta kwa macho kichwa kidogo cheusi kisicho na macho.