Tulikwama Kwenye E

Daktari alimwambia dada yangu kwamba presha ya macho ilikuwa imeshaula uoni wake kwa sehemu kubwa, na kilichokwenda hakirudi. Dawa ya matone ingechelewesha tu. Muda hakumtajia. Dada alinisimulia haya siku hiyo hiyo, nyumbani kwake mtaa wa Malindi, ghorofa ya pili, huku akimenya ndizi mbichi. Kisha akaniuliza tutasoma nini kabla macho hayajamfunga.

Kusoma ndiko kulikotuweka pamoja. Yeye alikuwa karani bandarini mpaka alipostaafu. Mimi niliacha skuli mapema nikawa fundi wa cherehani, na nilichokijua nilikipata kwenye vitabu vilivyokwishatumika, nikakinakili katika madaftari. Wakati huo nilikuwa nasoma historia ya sinema za mwanzo, zile zisizokuwa na sauti. Nilimweleza kwamba mara nyingi picha zile zilimalizika kwa duara jeusi lililojibana kutoka pembeni, mpaka uso wa mtu ukabaki ndani ya tundu dogo, kisha giza.

"Ndivyo yanavyonifanya macho yangu," alisema. "Basi tusome kisinema."

Alikuwa mpenzi wa mafumbo ya maneno ya magazetini, kwa hiyo yeye ndiye aliyebuni shindano lenyewe: tusome vitabu kumi, na herufi za mwanzo za majina yao, zikipangwa, zisomeke SINEMA BUBU. Mimi niliweka masharti. Kitabu ni kimoja, anasoma yeye kwanza, mimi baadaye. Hakizungumzwi mpaka wote tumalize. Mwisho kila mmoja anaandika sentensi moja kwenye kadi, kama kadi za maandishi zilizoonyeshwa katikati ya picha zile, anampa mwenzake. Na haturuki herufi.

Sharti hilo la mwisho tulizaliwa nalo. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, kule Jang'ombe, hakumvusha mtoto sura ambayo hajaisoma mbele yake ikanyooka. Ungeweza kukaa kwenye sura moja mwezi mzima, wenzako wakikupita. Tulikua hivyo, na kuruka tulikuona ni aina ya uongo.

S, I na N zilikwenda vizuri. Kadi yake ya kwanza ilikuwa na hati ya karani, ndogo, iliyosimama sawasawa. Kwenye ya tatu, sentensi fupi ilijaza kadi nzima na neno la mwisho likapanda ukingoni. Niliiona. Niliandika kwenye daftari: "Hati imekua." Sikufanya zaidi ya hapo.

Ikaja E. Vitabu vya Kiswahili vyenye majina yanayoanza na E ni vichache kuliko nilivyodhani. Nilizunguka sokoni Darajani, nikauliza walimu wawili wastaafu. Nilipata kimoja cha elimu ya kilimo, na dada akasema macho aliyobakiwa nayo hayatoi kwa mbolea. Hatimaye mtu mmoja wa Dar es Salaam akaniambia kwa simu kwamba anayo riwaya na ataituma kwa boti. Akasafiri, akaugua, akasahau. Nilimpigia kila Jumatatu.

Muda wote huo, kwenye rafu ya dada kulikuwa na riwaya nene ambayo jina lake linaanza na M. Aliinunua zamani, akaiweka kwa ajili ya siku atakapostaafu. Mwezi wa pili wa kungoja nilimkuta ameipakata.

"Tuiruke hiyo E," alisema. "Tuingie M. Nani atatushitaki?"

"Chuoni tuliruka lini?"

"Chuoni nlikuwa na macho."

Alicheka, nami nikacheka. Akainuka, akairudisha rafuni. Angeweza kuisoma bila ya mimi. Hakuisoma, na sijui kama ni kwa sababu ya mwalimu wetu au kwa sababu hakutaka kusoma peke yake.

Kitabu cha E kilifika baada ya miezi mitatu kasoro siku chache. Nilikipokea bandarini, nikapanda nacho kwa dada moja kwa moja. Dada alikaa dirishani, akakiinamisha, akakisogeza juu, akakishusha, akiutafuta mstari. Kisha akakifunga taratibu na kunirudishia. Nikamletea ile riwaya ya M. Maandishi yake yalikuwa madogo zaidi.

Nilimsomea kile cha E kwa sauti siku nne. Siku ya nne akaweka mkono juu ya ukurasa.

"Basi, mdogo wangu. Watu wote wanasema kama wewe. Hata bibi harusi."

Akanieleza, bila ya hasira, kwamba alipokuwa akisoma mwenyewe kila mtu kitabuni alikuwa na sauti yake. Sasa imebaki yangu. Mimi nilidhani ukimya ulikuwa sharti langu la mchezo tu; kumbe kwake ndimo zilimokuwa sauti zote.

Ijumaa moja baada ya sala nilikwenda kumtaka radhi kwa kukataa kuiruka ile E. Maneno nilikuwa nimeyaandika na kuyahifadhi moyoni. Nilimkuta anashuka ngazi peke yake, zile ngazi za nyumba za kale, ndefu na zisizolingana, kiganja kimoja ukutani.

"Dada," nilisema, "ile miezi mitatu..."

"Usinsemeshe. Nnahesabu ngazi."

Nikajibana ukutani. Akanipita, kanga yake ikanigusa mkono, akafika mlangoni, akasimama kidogo, akageuka, akaanza kupanda. Sikuyasema siku ile, na tangu hapo sijayasema.